Walisifu Moyo Wake, Nami Nashuhudia Ujuzi Wake

Matangani kila aliyesimama alisema yale yale: alikuwa mke mwema, mama mpole, mtu wa watu, mwenye moyo wa kujitolea. Yote ni kweli. Wanawake wanaovusha mboga mpakani waliacha mizigo yao siku ile wakaja kumzika, na anayejua thamani ya siku moja ya biashara hapa bariyeri ataelewa heshima hiyo. Hata hivyo nilitoka pale na deni. Nilifanya kazi na mwanamke huyu miaka mingi, sote wawili tukiwa washauri wa afya wa kijiji hapa Gisenyi, hatua chache kutoka Petite Barrière, bariyeri ya mpaka wa Rwanda na mji wa Goma, Kongo. Jina lake naliacha kwa familia yake. Nitamwita Dada, kama nilivyomwita siku zote. Ninachotaka kushuhudia ni kwamba Dada alikuwa fundi, na ufundi wake haukutajwa na mtu hata mmoja.

Washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, wapo Rwanda tangu 1995. Wanakijiji wenyewe ndio wanaowachagua. Kwa muda mrefu kila kijiji kilikuwa na watatu: mwanamke na mwanamume wa kutibu watoto walio chini ya miaka 5, na mwanamke mwingine wa kuwafuatilia wajawazito na waliojifungua. Mshahara hakuna. Fedha zinazotolewa kulingana na ufanisi wa kazi huingia kwenye ushirika wetu, nasi hugawana sehemu yake. Mtu huchaguliwa kwa kuaminiwa, hufundishwa, na tangu hapo mlango wake hugongwa saa yoyote ya usiku.

Chukua kazi ya kuhesabu pumzi. Watu huiona rahisi. Mtoto mwenye kikohozi huletwa akilia, na mtoto anayelia hapumui kwa mwendo wake wa kawaida. Dada hakuwa na haraka. Alimwambia mama amnyonyeshe au ampakate mpaka atulie, kisha akafunua nguo na kutazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Hakuhesabu nusu dakika akazidisha mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifika pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni dalili ya nimonia na dawa tunayo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, kazi hiyo si ya kijijini tena. Mtoto apelekwe kituo cha afya saa ile ile. Hapo ndipo palipokuwa na vita. Mama anajua kwamba kituoni kuna foleni, na foleni ni siku ya kuuza Goma iliyopotea, kwa hiyo anaomba: nipe dawa tu, kesho nitampeleka. Nimeona washauri wakilegea kwa sababu anayeomba ni jirani, pengine ni shemeji. Dada alikataa, halafu akaubeba mzigo wa nyanya wa mama yule hadi kwa mwenzake anayeweza kumuuzia. Alijua kukataa bila kumpoteza mtu.

Magari hupita Grande Barrière, bariyeri nyingine ya mpaka huu, kule karibu na Ziwa Kivu. Petite Barrière ni njia ya miguu. Kabla ya Korona walivuka hapa makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake, na nyanya, kabichi, karoti na viazi kichwani. Mwenye mtoto mchanga ana shida yake. Mzigo uko kichwani, mtoto yuko mgongoni, na wanaovuka wanasukumana. Kwa hiyo watoto wengi waliachwa upande huu, chini ya kivuli cha ukuta, mikononi mwa wasichana wadogo ambao wenyewe walistahili kuwa darasani. Sisi tulifundishwa kutembelea nyumba mchana. Mchana nyumba za wanawake hawa zina kufuli.

Dada alipindua ratiba. Alitangulia bariyeri kabla haijafunguliwa, utepe wa kupimia mkono wa mtoto ukiwa umekunjwa kwenye pindo la kitenge, akapima watoto palepale kwenye foleni. Mkono usiofika sentimita 11.5 unaangukia kwenye rangi nyekundu, na mama wa mtoto huyo hakuvuka siku hiyo mpaka wamezungumza. Waliobaki na watoto nao aliwafanya wanafunzi. Aliwakalisha wale wasichana wadogo akawakaririsha mambo manne: mtoto akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akishikwa na degedege, akilala asiamke vizuri, kimbia uniite. Aliwauliza tena kila alipopita. Hakuna mwongozo niliopewa mimi uliosema tuwafundishe watoto wanaolea watoto. Aliona nani hasa anakaa na mgonjwa saa nane mchana, akampa elimu huyo. Siku hizi kuna vituo vya malezi ya watoto wadogo, na nafurahi, lakini miaka ile watoto wetu walilindwa na wasichana wale.

Misukosuko ya mpaka huu inajulikana. Julai 2019 Ebola ilifika Goma, na tukawa watu wa maji ya kunawa na vipima joto. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa Korona, na njaa ikaingia nyumba ambazo hazikuwahi kuomba. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa hapa bariyeri, mpaka ukawa unafungwa saa tisa alasiri. Januari 2025, vita vya Goma vilipofika, makombora yaliangukia wilaya yetu ya Rubavu na kuua watu. Usiku ninaoukumbuka zaidi ni wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakamiminika kwetu na magodoro na watoto. Wengi wetu tulikimbilia kugawa maji na blanketi. Dada alipita kati ya watu akiuliza maswali mawili: nani ana mimba kubwa, na nani ameacha nyumbani vidonge vya kila siku? Hakuuliza kwa sauti ya kutangaza. Aliinama sikioni, kwa sababu vidonge vingine mtu hawezi kuvitaja mbele za watu.

Matangani walipomwita mke mwema nilitamani wamtaje na mumewe. Kila hodi ya usiku, mume alitangulia na tochi. Sabuni, mwavuli na vocha ya simu vilitoka mfuko ule ule ulionunua unga. Watoto walijifunza kupika mapema. Mmoja wao alipopata homa, Dada alimleta kwangu nimhesabie pumzi, akisema mama mzazi huona anachotamani kuona. Hilo nalo ni ujuzi.

Kijiji kimechagua mwingine, na amepata mafunzo yake. Lakini namna ya kufanya kazi kwenye foleni, namna ya kumkatalia shemeji, maswali ya kuuliza usiku wa volkano, hayo hayamo kwenye vitabu alivyopewa. Naviomba vituo vya afya na vyama vya ushirika viwakalishe washauri wakongwe pamoja na wapya, viwalipe kwa siku hizo kama walimu wanavyolipwa, na yanayosemwa yaandikwe. Nawe msomaji, kama kijijini kwenu kuna mama wa namna hii, nenda wiki hii umwombe akuonyeshe jinsi anavyohesabu pumzi za mtoto.