Watunzi wa "Lau"

Sisi walimu wa historia hupenda kusema kwamba historia haina lau. Kwa mtihani kauli hiyo yatosha. Hata hivyo, wapo waandishi walioifanya "lau" kuwa kazi yao: watunzi wa riwaya zinazouliza dunia ingekuwaje iwapo mambo yangekwenda vingine. Nilipoyachunguza maisha yao, niliona kuwa wengi walitoka katika kazi nyingine kabisa, na kwamba kazi hizo ndizo zilizowapa cha kusema.

L. Sprague de Camp wa Marekani alisomea uhandisi wa ndege. Mwaka 1939 alitoa hadithi ya msomi wa mambo ya kale anayetupwa ghafla katika Roma ya karne ya sita. Msomi huyo anaunda mtambo wa kupigia chapa, kisha anagundua kwamba hana cha kuchapia. Baruti yake nayo inagoma kulipuka. Mimi huisimulia hadithi hiyo kila wanafunzi wanapodhani kwamba Ulaya ilitutawala kwa akili ya kuzaliwa. Mhandisi ajua kwamba akili ya mtu mmoja, bila karatasi, chuma na mafundi, haifiki mbali.

Kijana mmoja wa California, Harry Turtledove, aliisoma riwaya hiyo, nayo ikamtia hamu ya kuijua dola ya Bizanti. Masomo ya sayansi yalikuwa yamemshinda. Akageukia historia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1977. Udaktari haukumlisha. Kwa miaka kadhaa aliandika maelezo ya kiufundi katika ofisi ya elimu huko Los Angeles, hadi 1991 alipoanza kuishi kwa kalamu yake. (Riwaya zake za kwanza zilitoka kwa jina la kupanga, kwa kuwa mchapishaji aliona hapana atakayeamini kuwa mtu aweza kuitwa Hua!)

Aliye karibu nasi zaidi ni Abdourahman Waberi, aliyezaliwa Jibuti mwaka 1965. Alikwenda Ufaransa mwaka 1985, akawa mwalimu wa Kiingereza mjini Caen, katika jimbo la Normandy. Riwaya yake ya 2006 inaionyesha Afrika iliyoungana na kuneemeka, huku wakimbizi wa Ulaya wakiibishia hodi, nao Waafrika wakiwasema kwa dharau ile ile tuijuayo. Mhusika wake mkuu ni binti wa Kizungu aliyeokolewa utotoni na daktari Mwafrika kutoka nchi ya njaa na vita. Nchi hiyo ni Normandy.