Tulikwenda Kumshtaki Mwalimu

Mama mpendwa msomaji, mtoto wako arudipo kutoka shuleni jioni, humwuliza nini kwanza? Sisi nyumbani kwetu kwa miaka mingi tulikuwa na maswali mawili tu: "Umepata ngapi?" na "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto aliyejibu vizuri alisifiwa mbele ya wenzake. Aliyejibu vibaya aliambiwa alete daftari. Hatukuona kosa lo lote katika desturi hiyo, kwa maana ndivyo tulivyolelewa, nasi tulisoma, tukapata kazi, tukaoana na kujenga nyumba.

Mwaka 2019 kaka mkubwa alikuwa darasa la saba, dada yake darasa la tano, na kitinda mimba wetu alikuwa na miaka minne, yupo nyumbani akivunja vikombe. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa fahari yetu. Katika Hisabati alikuwa hapati chini ya A. Daftari zake zilijaa alama za vema za wino mwekundu, na tulipopata mgeni hatukukosa sababu ya kuzitoa kabatini.

Ya dada yake ndiyo iliyotutia wasiwasi. Januari ile walikuwa wamepata mwalimu mpya wa Hisabati, binti kijana aliyetoka chuoni si zamani. Hadi mwisho wa Machi daftari lilikuwa na kurasa chache tu zilizoandikwa, na katika hizo chache kulikuwa na michoro kuliko hesabu.

"Leo mmejifunza nini?"

"Tumekata chapati za karatasi."

"Na jana?"

"Jana tulikata machungwa."

"Sasa mwalimu amewaambia jibu ni nini?"

"Hajatuambia. Mtu akisema jibu, hata kama amepata, mwalimu anamwuliza, 'Umejuaje?' Halafu anauliza wengine kama wanakubali."

Wakati huo mtoto wa jirani yetu, darasa la tano vilevile lakini shule nyingine, alikuwa amekwisha kufika kwenye asilimia. Wetu walikuwa bado kwenye sehemu, wiki ya nne, na machungwa. Mama jirani alitueleza habari hiyo juu ya ua, kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliotuuma.

Basi Aprili tukaondoka, sisi wawili pamoja na wazazi wengine, tukaenda kwa mwalimu mkuu. Maneno tuliyoyasema siku ile hatupendi kuyakumbuka. Tulisema mwalimu huyo anacheza na watoto wa watu. Tulisema, ati, mwalimu gani analipwa mshahara ili awaulize watoto majibu ambayo yeye ndiye anayetakiwa kuwapa? Mwalimu mkuu alitusikiliza akiandika. Naye alikuwa na mzigo wake, kwa kuwa siku zile shule zilipangwa kwa matokeo, ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyetaka kuitwa ofisi ya elimu kujieleza. Haikupita muda yule binti akahamishiwa darasa la pili. Darasa la tano likapewa mwalimu wa siku nyingi, mwenye sifa ya kuwanyoosha watoto. Daftari likaanza kujaa vema. Tukarudia amani yetu.

Likizo ya Juni tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa shemeji, na keki ilikuwa juu yetu. Tulikuwa na vile vikombe vya plastiki vya kupimia, kila kimoja kimepigwa namba yake: 1, 1/2, 1/3, 1/4. Maelezo yalitaka mafuta 1/3 ya kikombe, na kikombe hicho hasa ndicho kilichokuwa hakionekani (baadaye kilipatikana bandani mwa kuku). Tukamwambia kaka mkubwa atuletee kinachokaribia, ila kisizidi kile cha 1/3, maana mafuta yakizidi keki inakuwa nzito.

Akaleta cha 1/2.

"Hiki si kinazidi?"

"Hakizidi. Mbili ni ndogo kuliko tatu."

Tulidhani anatania. Tukamwuliza kati ya 1/3 na 1/4 ipi kubwa, akasema 1/4, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Tukampa kalamu tukamwambia ajumlishe 1/3 na 1/4. Akatafuta KDS, akapata 12, akaandika 7/12 upesi kuliko ye yote kati yetu. Jibu sahihi kabisa! Tukamwuliza hiyo 7/12 ni zaidi ya nusu au haifiki nusu. Akatutazama kana kwamba tumeuliza umri wa mbuzi. "Hawaulizi hivyo kwenye mtihani," akasema.

Kisha mmoja wetu akamwuliza, nusu kilo ya sukari na robo kilo, ipi nyingi? Alicheka. Huyu ni mtoto aliyetumwa dukani tangu ana miaka sita, wala mwenye duka hajapata kumpunja. "Haya, andika nusu." Akaandika 1/2. "Andika robo." Akaandika 1/4. Kalamu ikasimama. Robo ya dukani na ile ya ubaoni hazikuwa zimepata kukutana kichwani mwake kwa miaka saba ya shule, na sisi tuliokuwa tukitazama vema za wino mwekundu hatukujua.

Dada yake alikuwa akichambua mchele pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Kaka, chapati moja mkigawana watatu na mkigawana wanne, wapi utashiba?"

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu wetu yule wa zamani."

Mama msomaji, keki ile ilipikwa, na watu waliisifu. Sisi hatukuonja ladha yake.

Siku ya pili yake tulikwenda nyumbani kwa yule binti. Alikuwa amepanga chumba karibu na soko. "Shikamooni," akasema, akatutolea viti, yeye akakaa juu ya ndoo. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi, lakini tulipomtazama tukayasahau, tukasema tu kwamba sisi ndio tuliomshtaki na tumekuja kuomba radhi. Alijua tayari. Hakutulaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu kwetu kuliko kulaumiwa. Alitaka zaidi kusikia habari ya vikombe, akatufanya tuirudie mara mbili.

Kisha akatusimulia kuhusu mtoto wa Marekani ambaye habari zake alizisoma chuoni. Mtafiti Stanley Erlwanger aliandika mwaka 1973 juu ya mtoto aliyempa jina la Benny, mwenye miaka 12, darasa la sita. Benny alikuwa akifanya hesabu katika vijitabu na kupimwa kila hatua. Akifikisha asilimia 80 anaendelea mbele. Alikuwa akienda vizuri na walimu waliridhika naye. Erlwanger alipoketi naye na kumwuliza amejuaje, alikuta kwamba kwa Benny 2/10 ni sawa na 1.2, kwa kuwa 2 na 10 ni 12. Tena 4/11 na 11/4 kwake zilikuwa kitu kimoja, zote 1.5. Alikuwa amejitungia kanuni zake mwenyewe. Kwake Hisabati ilikuwa kazi ya kubahatisha jibu lililoandikwa katika karatasi ya mwalimu.

"Baba, mama," akasema yule binti, "mtoto si debe la kumiminiwa maji. Ukimwambia jambo, analichukua na kulijengea juu ya yale anayoyajua. Kama anajua kwamba nne ni kubwa kuliko tatu, atajenga hapo hapo, na nyumba itapinda. Usipomwuliza amejuaje, utaionaje?"

Alitueleza kwamba mawazo hayo si mapya. Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki 1980, aliyapata kwa sehemu kubwa kwa kuwatazama watoto, wakiwemo watatu wake mwenyewe. Mrusi Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka ule ule, aliongeza kwamba mtoto hajengi peke yake. Lile analoliweza leo kwa kusaidiwa, kesho ataliweza mwenyewe. Na Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mwalimu hasa wa darasani, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia mitihani inayopima tu uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa. Hata mitaala yetu ya Tanzania ilikuwa imekwisha kubadilishwa tangu 2005 ili itazame umahiri wa mtoto na si wingi wa mada. "Kwenye karatasi," akasema yule binti, akacheka kidogo. Darasani mwake walikuwa watoto 86.

Jambo moja lilitupendeza kwake: hakujifanya kwamba njia yake haina matatizo. Alikiri kuwa siku nyingine watoto walikula machungwa na somo likapotea. Alikiri kwamba wako walimu wanaoweka watoto makundi makundi, wanakaa pembeni, wanaita kule ndiko kushirikisha, kumbe mtoto mmoja anafanya kazi na watano wanasinzia. Tena jedwali la kuzidisha alilitaka kichwani kama mwalimu mwingine ye yote. "Mtoto asiyejua saba mara nane atachoka kabla hajaanza kufikiri," alisema. Sisi tulikuwa tumedhani mwenye kufundisha hivi hupinga kukariri kabisa. La hasha. Hata MAGAZIJUTO ile tuliyoiimba sisi aliifundisha; ila aliifundisha mwisho, baada ya watoto kugombana kwanza kwa nini majibu yao hayalingani.

Kabla hatujaondoka alitupa zoezi. Tuliporudi nyumbani tulichukua bilauri mbili zinazolingana, tukamimina uji sawasawa, tukamwuliza kitinda mimba kama zinalingana. Zinalingana, akasema. Tukaumimina uji wa bilauri moja katika chupa nyembamba ndefu mbele ya macho yake. Sasa upi mwingi? "Wa chupa," akasema, na alitaka chupa. Tukamweleza. Tukaurudisha uji kwenye bilauri, tukaumimina tena chupani. Akakubali kila tulichosema, kisha akanyosha mkono achukue chupa. Baba yao alicheka hadi akatoka nje. Piaget alifanya majaribio ya namna hii hii, na nakushauri mama ujaribu kwako kama una mtoto wa miaka minne au mitano. Utaona jinsi maelezo yako mazuri yanavyopita juu ya kichwa chake kama ndege.

Shule ilipofunguliwa tulirudi kwa mwalimu mkuu kufuta mashtaka. Alitusikiliza tena, safari hii bila kuandika. "Wazazi, mnataka nini hasa?" akauliza. Hatukuwa na jibu fupi. Ratiba ilikuwa imekwisha kupangwa, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa pale pale, sehemu kubwa yake ukiwa wa kuchagua herufi. Yule binti alibaki darasa la pili.

Kwa hiyo jambo tulilolivunja halikutengenezeka kwa kuomba radhi. Binti yetu aliendelea na daftari la vema. Tulikuwa tumebadilisha swali letu la jioni, tukawa tunamwuliza, "Umejuaje?" Mwaka ule wa kwanza alitujibu kwa maneno marefu na mikono. Alipofika darasa la sita alianza kutuambia, "Ndivyo tulivyoambiwa." Mara ya kwanza aliposema hivyo tulinyamaza pale mezani kwa muda.

Kaka yake alipata A yake ya darasa la saba mwishoni mwa 2019. Alipoingia sekondari, aljebra ilimkuta hajui 1/3 ni kitu gani, na ilitugharimu likizo nyingi kukaa naye na vikombe na maharage kurudia mambo ya darasa la tatu, yeye akiona haya na ndevu zinaanza. Si yeye peke yake. Katika matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya 2021 hadi 2023, waliofaulu Hisabati nchini hawakufikia hata theluthi moja ya watahiniwa. Tuliyasoma matokeo hayo tukamkumbuka mama jirani na asilimia zake.

Mambo kadhaa yamesogea tangu siku zile. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika, darasa la kwanza na la tatu zikiwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Kitinda mimba wetu alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wake wa Hisabati alikuwa yule yule binti, ambaye sasa si kijana tena wala hakai juu ya ndoo.

Mwezi wa tatu tuliitwa mkutano wa wazazi. Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akasema kwa uchungu, "Wiki ya pili hii mwanangu anapima uwanja kwa kamba. Tunaomba kujua watoto wataanza kusoma lini." Watu walimpigia makofi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la walimu akitazama mikono yake.

Tukaomba nafasi ya kusema. Tukaeleza kwamba miaka mitano nyuma tulisimama katika ofisi ya shule hii hii tukasema maneno hayo hayo, na kwamba tulisikilizwa. Mzee mmoja aliyekaa mbele akatukata kauli.

"Huyo binti yenu, la saba alipata nini Hisabati?"

Tulisema kweli. B.

"Na kaka yake aliyefundishwa kwa kukariri?"

"A."

Ukumbi ulicheka. Tukangoja wamalize, kisha tukaanza kuwaeleza habari ya vile vikombe.