Mtaro wa Nyanya

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho ninayo, lakini niliambiwa nitazame mara zisizo idadi na bado sikuona. Kisa ninachokusudia kukisimulia hapa, mpenzi msomaji, kinatokana na neno moja la Kiswahili ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tatu hahitaji kamusi ili kulielewa. Neno lenyewe ni mtaro.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa mama karibu na mji wa Chogoria, katika Kaunti ya Tharaka Nithi, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Chini kuna kahawa, juu kidogo kuna majani chai, na juu ya chai kuna msitu. Nyanya huzungumza Kimwimbi. Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Kila alipotaka kunikaripia kwa uvivu, alinikumbusha kwamba yeye, katika usichana wake, alichimba mtaro. Maneno yote aliyasema kwa Kimwimbi isipokuwa hilo moja, ambalo alilitamka kwa Kiswahili. Kwa kuwa mbele ya nyumba yetu palikuwa na mtaro wa kupitishia maji ya mvua, ambao mimi ndimi niliyeuzibua kwa jembe kila Aprili, niliamini kwamba huo ndio aliouchimba. Kazi ya asubuhi moja, nilijisemea. Nilikwenda na imani hiyo shule ya upili, nikaingia nayo chuo kikuu, nikahitimu nayo shahada ya kwanza ya Kiswahili.

Mwezi wa Februari 2024, mimi na wenzangu wanne wa chama chetu tuliamua kwenda kutembea katika njia ya Chogoria, ile inayopanda kutoka mjini kupitia msituni hadi kwenye maporomoko na makorongo ya Mto Nithi. Nilipita nyumbani kumwarifu nyanya. Akaniuliza tunakwenda kumtembelea nani huko. Nikamjibu kwamba hatumtembelei mtu, tunatembea tu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Ama kwa hakika swali lake lilikuwa la kisarufi pia: kauli ya kutendea hudai mtendewa, nami sikuwa naye. Alipomaliza kucheka akasema, "Basi mkifika ukingoni mwa msitu, mjukuu wangu, nitazamie kama mtaro wangu ungalipo."

Nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Mtaro wake si ulikuwa hapo mlangoni?

Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni zaidi ya kilomita 20, na wageni wengi huupita mwendo huo wakiwa garini. Sisi, kwa uhaba wa fedha kuliko kwa ushujaa, tuliukata kwa miguu. Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyebeba mizigo ya wapanda mlima tangu ujana wake. Tulimwita Mzee, naye akatuita wanangu, akatutangulia kwa hatua fupi fupi ambazo mwanzoni tulizidharau na baadaye tukazionea kijicho.

Mashamba yalipokoma tukauvuka ukanda wa chai ya Nyayo, mradi ulioanzishwa mwaka 1986 ili chai iwe kinga baina ya mashamba ya watu na msitu wa serikali. Kisha tukafika kwenye uzio wa umeme, ambao ulianza kujengwa mwaka 2012 kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya ili ndovu wasishukie mahindi. Hatua chache kutoka hapo Mzee alisimama. Palikuwa na bonde dogo lililojaa kangaga, lenye kina cha kufika magotini, lililokwenda sambamba na msitu kushoto na kulia hadi macho yalipokomea. Mzee akasema, "Huu ndio mtaro."

Nikauliza kama mvua ikinyesha maji hupitia hapo.

Alinitazama kwa muda. "Maji gani, mwanangu? Huu ni wa Emajensi."

Nasikia haya kuliandika jambo hili katika jarida linalosomwa na wahadhiri wangu. Nilikuwa nimesoma historia. Nilijua kwamba Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Nilijua pia kwamba serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji wachimbe handaki kwenye ukingo wa misitu ya Mlima Kenya ili wapiganaji wa Mau Mau wasiletewe chakula, na kwamba ndani yake ilichomekwa mianzi iliyochongwa ncha. Nilijua kwamba wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Hayo yote niliyasoma chini ya neno handaki, neno zuri lenye asili ya Kiarabu, nikayajibu katika mtihani na kupata alama za kuridhisha. Ilhali mtu aliyelichimba alikuwa akinipikia githeri kila jioni, akinitajia kwa neno jingine, nami nikimhurumia moyoni kwamba eti anajivunia mfereji.

Mzee hakuona haja ya kutuhutubia. Alitusimulia tu kwamba mamake pia alikuwa miongoni mwao, kwamba walichimba kuanzia alfajiri na wanyapara wakisimama juu, na kwamba waliokuwa wakinyonyesha waliwaweka watoto kwenye nyasi. Kisha akaongeza, huku akiuelekeza mkongojo kwenye mtaro, chai na uzio kwa zamu, kwamba kila serikali huupenda ukingo huu. Tukavuka. Mimi nilichelewa kidogo kuliko wenzangu, kwani sikujua mtu anapaswa kuruka au kushuka taratibu.

Juu ya hapo msitu hufunga. Mikafuri mikubwa huziba jua, na baada yake huja mianzi, ambayo upepo ukivuma hugongana na kutoa sauti ya watu wanaopasua kuni mbali. Zamani ningeandika aya nzima kuhusu sauti hiyo. Safari hii kila nilipoona mwanzi niliona ncha iliyochongwa. Mzee alitufundisha kuutambua ujia wa ndovu kwa upana na ulaini wake, na kugusa kinyesi kwa mgongo wa kiganja ili kujua kama mwenyewe yu karibu. Usiku tulilala karibu na lango, takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, tukitetemeka.

Siku iliyofuata tulishuka hadi kwenye maporomoko ya Nithi, na siku ya tatu tukaupanda mgongo wa mlima hadi mahali ambapo ardhi inakatika ghafla. Chini yetu kulikuwa na korongo kuu lililochongwa na barafu zama za kale, lenye kuta za mamia ya mita, na humo ndani ziwa jeusi lililotulia. Neno korongo limenitatiza tangu zamani: kamusi humpa jina hilo ndege wa miguu mirefu na pia bonde jembamba lenye kuta kali, nami sikuwahi kuona uhusiano wao. Pale juu sikuona bado, lakini angalau niliona kwa nini mtu angehitaji neno moja fupi kwa kitu kama kile, kabla pumzi haijamwishia.

Mwenzangu mmoja alikuwa na ramani. Ziwa lile linaitwa Michaelson. Ziwa tulilolipita jana yake ni Ellis. Maporomoko yaliyo ndani ya korongo ni Vivienne. Hata vilele vyenyewe, Batian, Nelion na Lenana, Mackinder alivipa majina ya viongozi wa Kimaasai alipoukwea mlima mwaka 1899. Nilimwomba mwenzangu anionyeshe ukingo wa msitu kwenye ramani ile. Palikuwa na mstari wa kijani kibichi, basi. Sikasiriki kwamba mgeni alilipa ziwa jina. Ziwa lililo juu kiasi kile huenda wenyeji hawakuwa na shughuli nalo. Lakini mtaro ulikuwa na jina tayari, na mimi nililijua.

Niliporudi nyumbani nyanya alikuwa akichambua maharagwe uani. Hakuniuliza habari za ziwa wala za baridi. Aliuliza, "Uliuona?"

Nikasema niliuona.

"Ulikufika wapi?"

Nikamwonyesha goti langu. Aliacha kuchambua. "Ulikuwa ukinizidi kimo," akasema. "Tulipandishana kwa kushikana mikono jioni."

Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa kupata pa kuanzia, maana hakujua kosa langu. Badala yake nikamuuliza swali ambalo mwanafunzi wa lugha alistahili kuliuliza miaka ishirini mapema: kwa nini husema mtaro kwa Kiswahili na mengine yote kwa Kimwimbi. Alinishangaa. Wanyapara, akaeleza, hawakuwa wa kwao. Waliamrisha kwa Kiswahili. Kabla ya hapo yeye hakujua neno lolote la lugha hiyo. Yale ya kwanza kuyajua yalikuwa chimba, haraka, na mtaro.

Nilinyamaza. Lugha ninayoisomea shahada ya uzamili, ambayo humo mna karibu kila kitu ninachokipenda, ilimfikia nyanya yangu ikiwa na kiboko mkononi. Naye ndiye aliyeuza mbuzi wawili ili nikaisomee.

Baada ya kitambo akaniuliza sisi wa chuo kikuu huuitaje mtaro ule. Nikamwambia tunauita handaki. Alilirudia mara mbili, polepole, kama anayeonja chumvi.

"Hilo halikuwapo," akasema, akarudi kwenye maharagwe. "Sisi tulichimba mtaro."