Goma: Gitaa latengenezwa nyumbani, rangi yapulizwa mbali na watoto

Kujitengenezea gitaa si jambo geni katika Congo. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa Sona Bata mwaka wa 1938, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea. Huko Kinshasa, kundi la Konono No 1 la mzee Mawangu Mingiedi lilijitengenezea maikrofoni za likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vikuukuu vya magari. Lakini kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo mafundi wengi hawaizungumzii sana, nayo ni rangi. Ubao unaweza kuchongwa uwanjani na waya kuzungushwa juu ya meza. Kupuliza rangi ndani ya nyumba ya mbao inayolala familia mbili ni kitu kingine kabisa.

Fundi mmoja wa redio aliyekimbia vita kutoka Rutshuru amelijua hilo mwaka huu. Alifika Goma na mke, watoto watatu, bisibisi mbili na multimeta. Walipokelewa na mama mkubwa wa mke wake, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Vyumba ni viwili na watu ni kumi na mmoja. Redio za kutengeneza zilikuwa chache, maana katika kartye hiyo hakuna aliyemfahamu. Ndipo alipofikiria gitaa la umeme la mtindo wa zamani, lile la miaka ya 1950, ambalo wapigaji wa kwaya na wa okestra wanalipenda hadi leo.

Hakuchagua mtindo huo kwa bahati. Aliyeubuni, Leo Fender wa Fullerton, California, naye alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka wa 1938, na yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka wa 1950 alitoa gitaa la ubao mtupu, lisilo na tumbo lenye uwazi, na tangu mwaka wa 1951 likajulikana kwa jina la Telecaster. Shingo yake imeshikwa na skurubu nne tu. Ikivunjika, inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Kwa mtu ambaye amekwisha kuhama mara tatu, chombo kinachofunguka na kuingia katika mfuko wa mgongoni kina maana yake.

Ubao wa libuyu aliupata kwa seremala mmoja anayechonga chukudu. Ulikuwa kipande kilichobaki, kinene cha milimita 45. Vifungo vya kukazia nyuzi vilitoka kwenye gitaa bovu lililouzwa soko la Virunga. Vyuma vyembamba vya kwenye shingo vililetwa na abiria wa basi kutoka Kampala. Vyuma hivyo ndivyo vinavyohitaji hesabu. Nyuzi zikiwa na urefu wa milimita 648, chuma cha kwanza kinakaa milimita 36.4 kutoka mwanzo, na cha kumi na mbili kinakaa katikati kabisa, kwenye milimita 324. Ukikosea kwa milimita moja, kila wimbo utasikika umepinda. Fundi alipima jioni mbili nzima kabla ya kushika msumeno.

Kinachosikiliza nyuzi ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, kuran ndogo sana inazaliwa ndani ya waya. Magitaa ya Fender ya wakati ule yalikuwa na mizunguko kama 7,000 na zaidi. Fundi alitoa waya wake ndani ya adapta nzito za zamani zilizoungua, akauzungusha kwa mkono huku mtoto wake mkubwa akihesabu na kuweka punje ya mahindi kwa kila mizunguko mia. Multimeta ilipoonyesha ohm elfu sita na kitu, alijua kazi imekubali. Gitaa lenyewe halihitaji batiri. Alilifunga kwenye redio ya zamani inayokula batiri ya pikipiki, na watoto wa jirani wakajaa mlangoni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu ubao ulikuwa bado mweupe. Mkubwa wa kwaya moja ya Ndosho alikuja, akalipiga, akasifu sauti yake, kisha akataja bei ya ubao. Fundi alielewa. Gitaa lisilo na rangi lilionekana kama kitu cha mkimbizi aliyejaribu bahati. Gitaa linalong'aa lingeonekana kama kazi ya fundi.

Alinunua verni ya nitro na diluanti kwa wanaopaka rangi magari, akaazima kompresa na pistole ya kupulizia. Verni hiyo ndiyo iliyopakwa magitaa ya zamani. Inapakwa nyepesi nyepesi, na kila mara inapopulizwa inayeyusha kidogo ile ya chini yake, zote zinakuwa ngozi moja. Ikizeeka inageuka njano na kupasuka nyufa ndogo, na ndiyo maana watu wanaipenda. Alipanga kupulizia barazani, usiku, wakati hakuna upepo wa kuleta vumbi jeusi la volkano.

Mama mwenye nyumba alimtazama akitundika ubao kwenye waya.

“Mukwe wangu, hii nyumba ni ya mbao. Hapa batoto banalala. Hiyo rangi yako utaipulizia fasi ingine.”

“Mama, isipong'aa, nani atainunua?”

“Na nyumba ikiwaka, nani atatupokea tena?”

Fundi hakuwa na jibu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupokelewa mara moja.

Na mama alikuwa na haki. Mvuke wa diluanti ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka kwa dirisha. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango na kufika penye mbabula, hata kama mbabula iko chumba cha pili. Kaa moja linatosha, au cheche ya kompresa. Tena watoto wanaolala kwenye mikeka ndio wanaouvuta kwanza. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii mvuke. Kwa mvuke inahitajika barakoa yenye vichungi vya makaa maalumu. Mbaya zaidi ni verni ya magari ya kuchanganya na dawa ya kugandisha. Dawa hiyo ina kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Hiyo haifai kupulizwa nyumbani hata kidogo.

Basi ubao ulipelekwa kwenye garaji ya wapaka magari, mahali pa wazi penye paa la mabati, mbali na jiko la mtu. Fundi alilipa kwa kazi: alitengeneza redio mbili za wenye garaji. Walimfundisha kusubiri. Siku ya mvua hakupulizia, maana unyevu ukiingia katika verni inayokauka, inageuka nyeupe kama maziwa. Alipaka rangi ya njano iliyokolea kidogo, kama fromaji ya Masisi iliyokaa. Kila baada ya siku mbili aliipitia kwa msasa laini, akafuta, akapuliza tena.

Baada ya mara ya mwisho alitaka kuleta ubao nyumbani. Mama aliunusa mlangoni.

“Inanuka bado. Irudishe.”

Ukarudi garajini wiki tatu nyingine. Hata hivyo, verni ya nitro inahitaji muda huo ili isinyae na kukauka mpaka ndani. Ukiing'arisha mapema, mistari ya ubao itatokea tena juu. Harufu ilipokwisha, fundi aliipitisha kwenye msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, akasugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia magari hadi taa ya simu ikaonekana ndani yake.

Mkubwa wa kwaya aliporudi, hakutaja tena bei ya ubao. Alilipa mara nne ya ile ya kwanza, nusu siku hiyo na nusu baada ya Jumapili mbili. Sehemu ya pesa ililipa shule, na sehemu ilinunua barakoa yenye vichungi, ambayo sasa inatundikwa garajini, hailetwi nyumbani.

Gitaa la pili limekwisha kuchongwa. Mnunuzi wake ni kijana asiye na pesa za rangi, kwa hiyo litapakwa mafuta ya kitani kwa mkono. Halitang'aa sana, lakini halina moshi wala mvuke mkali. Hatari yake iko kwenye vitambaa. Vikikunjwa na kuachwa pamoja vikiwa na mafuta hayo, vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe bila moto wowote. Vinatakiwa kutandazwa nje mpaka vikauke, au kuloweshwa maji kabla ya kutupwa. Kila jioni mama mwenye nyumba anavihesabu mwenyewe kwenye ua, kimoja kimoja, kabla ya kufunga mlango.