Mtoto Mwenye Mikono Mizito



Sisi tunaokaa Kindu twawajua vema watoto tunaotaka kuwasema leo. Mmoja hutumwa kuteka maji, akafika nyumbani nusu ya ndoo imemwagika njiani. Mwingine hawezi kufunga vifungo vya shati lake, mpaka mdogo wake amsaidie. Shuleni herufi zake hupanda na kushuka, na wenzake wamalizapo kunakili mistari kumi, yeye yungali katika mstari wa tatu. Wakati wa mpira hakuna amtakaye upande wake.

Watu humwita mvivu, tena mjinga. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Maneno hayo si ya kweli, nayo yameharibu maisha ya watoto wengi.

Madaktari waijua hali hii. Wale wa Marekani waliipa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1987. Wakadiria kwamba katika watoto 100 wenye umri wa miaka 5 hadi 11, watano au sita wanayo. Basi katika darasa la watoto 50 huenda wakawamo wawili au watatu. Huonekana zaidi kwa wavulana kuliko wasichana, na zaidi kwa waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia.

Mkono wa mtoto huyu hauna kasoro, wala akili yake si haba. Taabu yake iko katika namna ubongo unavyoupanga mwendo wa mwili. Mtoto mwingine akiisha kujifunza kuandika herufi, mkono wake huiandika bila kufikiri. Huyu hana budi kuifikiria kila mara kama mgeni wa kazi hiyo. Ndiyo sababu huchoka upesi.

Katika mtaa wetu tulimfahamu mtoto wa namna hii, wa darasa la tatu. Baba yake alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Mama, mwaka ujao sinunui daftari tena. Aende shambani."

"Baba," mkewe akamjibu, "mwulize kwanza hesabu kwa mdomo."

Baba akamwuliza, naye mtoto akazijibu zote. Daftari zikanunuliwa. Mwalimu wake akakubali kumwuliza masomo kwa mdomo na kumpa mistari michache ya kunakili. Hati yake haijawa nzuri hata leo, lakini yuko darasa la sita.

Twaweza kufanya nini? Shauri la madaktari wa nchi nyingi, lililotolewa mwaka 2019, ni kumfundisha mtoto kazi ile ile inayomshinda, kwa hatua ndogo ndogo. Vifungo vikimshinda, mfungie vyote isipokuwa cha mwisho, afunge hicho mwenyewe. Akikiweza, mwachie viwili. Maji yakimwagika, aanze na chombo kidogo chenye kifuniko. Herufi zikimshinda, azichore kubwa kwa kidole mchangani, kisha ubaoni, kisha katika daftari. Zoezi liwe fupi, lakini la kila siku. Mwalimu naye amketishe mahali ambapo miguu yake yafika chini, ampe muda, wala asimchape kwa ajili ya hati mbaya. Na yule ashikaye kalamu kwa mkono wa kushoto aachwe aandike hivyo. Huyo hana ugonjwa wowote.

Lakini angalieni jambo moja. Mtoto tunayemsema alikuwa hivyo tangu udogo wake. Yule aliyekuwa akikimbia vizuri, kisha miguu yake ikalegea au kukakamaa ghafula, huyo ni mgonjwa. Apelekwe hospitali siku ile ile. Mwaka 2017 polio ilionekana hapa Maniema, na kinga yake ni chanjo. Tena huko Kwango, upande wa Kahemba, kuna ugonjwa uitwao konzo. Hukakamaza miguu ghafula, hasa ya watoto na wanawake, na ulemavu wake hauponi. Huwapata wanaokula siku nyingi mihogo michungu ambayo haikulowekwa vya kutosha, na ambao hawana samaki, nyama wala maharagwe ya kuongezea. Basi tusifupishe siku za kuloweka mihogo, hata njaa ikitusukuma.

Enyi wazazi, juma hili chagueni kazi moja tu inayomshinda mtoto wenu. Ketini naye kila jioni kwa muda mfupi, mbali na macho ya wenzake, mwifanye pamoja. Akikosea, aanze tena. Akiweza, mwambieni mbele ya nyumba nzima kwamba ameweza.