Mechi saa 2 usiku, shule alfajiri

Wanaoishi Temeke, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, hawahitaji ratiba kujua kwamba leo kuna mpira. Wanajua kwa bodaboda zinazojazana kona tangu mchana, kwa wauza jezi wanaotundika bidhaa zao kwenye kuta za watu bila kuomba, na kwa daladala inayowashusha abiria kabla ya kituo kwa sababu mbele hakupitiki. Uwanja huo wa watazamaji 60,000 upo hapo tangu 2007. Simba na Yanga wameucheza miaka yote, na watoto wa mitaa ile wamekua na kelele zake.

Ndiyo maana mama mmoja wa mitaa hiyo hakushtuka aliposikia kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Alishazoea. Kwake mechi ilikuwa jioni moja tu: unapika zaidi, unauza, watu wanaondoka, asubuhi unafagia chupa za maji mlangoni. Hakufikiria kwamba mechi hupita kama manyunyu, ila mashindano hukaa kama masika.

Haya yalikaa wiki nne, kuanzia Agosti 2 hadi 30, 2025. Na binti yake mkubwa alikuwa darasa la saba, mtihani wa taifa Septemba.

Ingekuwa rahisi kulaumu mpira kama usingeleta fedha. Ulileta. Mama huyu huuza chapati na maharage asubuhi, jioni mihogo ya kukaanga na kachumbari. Jumamosi ile ya ufunguzi, Taifa Stars ilipoifunga Burkina Faso mabao 2-0, ndoo zake mbili za mihogo ziliisha kabla mpira haujaanza, na mtoto alitumwa dukani kufuata mafuta mara mbili. Mumewe, dereva wa bodaboda, alirudi saa nane usiku akakaa ukingoni mwa kitanda kuhesabu noti. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi sita, na kwa mara ya kwanza tangu Idi waliona inaweza kulipwa bila kukopa.

Kwa hiyo hakuna aliyelalamika wadogo wa baba walipopiga simu. Walikuwa watatu, wanatoka Morogoro, wamepanda treni ya SGR na wangefika chini ya saa mbili. Mechi za Stars zilianza saa 2 usiku na kuisha karibu saa 4, na usiku huo humwambii mtu arudi Morogoro. Sebule ikawa chumba cha wageni.

Kwenye sebule ile ndipo ilipo meza pekee ya nyumba nzima, na juu ya meza ile binti alikuwa anasoma kila jioni.

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili alihamishia madaftari kitandani. Siku ya tatu ya mgeni, ile ya jembe, ilipita bila mtu kulitafuta jembe lenyewe, kwa sababu Jumatano Stars ilikuwa inacheza na Mauritania, kisha Ijumaa ilikuwa Nane Nane, kisha Jumamosi Madagascar. Nani angeondoka katikati ya hapo? Na usiku ambao Stars hawachezi, televisheni haikuzimwa. Kulikuwa na mechi za Nairobi, za Kampala, za Zanzibar. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mpira haoni mechi ndogo.

Uani nako palibadilika. Mwenye nyumba aligundua kwamba magari hayaruhusiwi kusogea karibu na uwanja na kwamba wenye magari wako tayari kulipia mahali salama pa kuegesha. Uwanja mdogo wa nyuma, ambapo mtoto wa pili, wa kiume, wa darasa la pili, hucheza gololi na wenzake, ukawa maegesho. Watoto wakahamia barabarani. Kijana wa jirani, wa kidato cha kwanza, akaanza kuuza maji ya chupa getini na kurudi saa sita usiku na elfu zake mfukoni. Mama yake akashindwa aseme nini, maana elfu zile zilinunua unga.

Binti wa darasa la saba hakulazimishwa kufanya lolote. Hilo ndilo lililomchanganya mama yake baadaye. Alijitolea mwenyewe kumenya mihogo akitoka shule, kwa kuwa alimwona mama amechoka. Kisha akakaa jikoni kukaanga mama akiuza. Kisha akawa anaosha vyombo vya wageni. Kila kazi ilikuwa ndogo na ya mtoto mwenye adabu. Akienda kulala ni saa 5, na saa 11 alfajiri ameshaamshwa, kwa sababu darasa la saba wanaanza masomo ya ziada mapema.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyepiga simu.

"Mama, kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, mwalimu. Tuna wageni tu."

"Mtoto anasinzia kipindi cha hisabati. Na zoezi la sehemu amepata 4 kwa 20. Huyu si wa nne, mama, unamjua."

Mama alikata simu akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango. Alihesabu. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Mauritania, Jumatano. Madagascar, Jumamosi. Jamhuri ya Afrika ya Kati, Jumamosi. Mechi 4 za makundi, na ni moja tu iliyoangukia mkesha wa siku ya shule. Kwa hesabu hiyo mpira haukuwa umemwibia mtoto zaidi ya usiku mmoja. Kwa hiyo ni nini kilichomwibia?

Jibu lilikuwa limelala sebuleni, limejifunika shuka.

Hapa wazazi wengi wataelewa ugumu wake bila kuelezwa. Shemeji humwambii azime televisheni. Mke akisema, amewafukuza ndugu wa mume. Hadithi itafika Morogoro kabla ya treni, na itakaa huko miaka. Mwenye kusema ni baba. Naye baba alikuwa barabarani mpaka saa nane za usiku, akirudi anakuta watu wamelala, na kwa kweli alifurahi kuwaona wadogo zake pale. Tangu mazishi ya baba yao hawakuwahi kukaa wote wanne chini ya paa moja.

Taarifa za maandalizi ya mashindano huhesabu viti, hoteli na barabara. Sebule hazihesabiwi, na ndizo zinazobeba mzigo wa watu wasioweza kulala hotelini, ambao ndio wengi.

Alichofanya mama kwanza ni kumzunguka mume. Alikwenda kwa jirani, mwanamke wa makamo anayeishi peke yake chumba cha pili kutoka chake, akamwomba binti awe anasomea kwake kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3. Jirani alikubali kabla hajamaliza kueleza. Mihogo ikaanza kumenywa asubuhi na mama mwenyewe, baada ya chapati. Ndoo zikapungua kutoka mbili hadi moja na nusu. Nusu ile aliihesabu kuwa ada ambayo hakuna shule inayoidai.

Kisha akamsubiri mume Jumapili, Agosti 10. Ilikuwa asubuhi njema ya kusema jambo gumu: usiku uliopita Clement Mzize alikuwa amefunga mabao mawili, Stars imeshinda 2-1, na mtaa mzima ulikuwa umelala umechoka kwa furaha. Haifai kusahau usiku ule katika hesabu hii. Mtoto wa darasa la pili alibebwa mabegani na mtu asiyemjua, akazungushwa mtaani, akarudishwa mlangoni salama. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa bomba la maji walikumbatiana. Walirudia kutosalimiana Jumanne, lakini walikumbatiana.

"Baba, mwalimu alinipigia," mama alianza, akamweleza yote mpaka ile 4 kwa 20.

Mume alinyamaza muda mrefu. Mchana, wakila ugali na dagaa, aliwaambia wadogo zake kwa sauti ya kawaida kabisa: "Jamani, huyu mtoto ana mtihani mwezi ujao. Mimi nilifeli la saba, mnajua."

Hakusema zaidi. Wawili waliondoka Jumatatu, wakasema wataiangalia robo fainali huko kwao. Hawakununa, waliona aibu, jambo ambalo ni tofauti, na mmoja alituma elfu ishirini kwa simu siku ya pili akasema ni ya madaftari. Wa tatu, mdogo kuliko wote, aliyemaliza kidato cha sita na bado anatafuta chuo, aliomba kubaki. Jioni akawa anamfuata binti kwa jirani na kumfundisha sehemu kwa kukata chapati iliyobaki. Kumbe mtu huyo alikaa wiki nzima mita mbili kutoka kwa mtoto anayehangaika na hisabati, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa mgeni na mgeni hapewi kazi.

Wenzetu wa Nairobi mwezi ule walikuwa na nafuu moja: shule za Kenya zilikuwa likizo ya Agosti kwa sehemu kubwa ya mashindano, ingawa huko nako watu walivamia mageti ya Kasarani mpaka CAF ikapunguza idadi ya watazamaji. Afrika Kusini mwaka 2010 walikwenda mbali zaidi. Likizo ya katikati ya mwaka ilirefushwa ili shule zifungwe wakati wa Kombe la Dunia. Kwetu watoto walikuwa darasani. Tena fainali hizi awali zilipangwa Februari 2025, zikasogezwa Januari ile ile kwa kuwa maandalizi hayakuwa yamekamilika. Kama zingechezwa Februari, binti huyu angekuwa na miezi sita ya kujirekebisha. Wanaosogeza tarehe huangalia viwanja na nyasi zake.

Robo fainali ilikuwa Ijumaa, Agosti 22, dhidi ya Morocco. Stars haikuwahi kufika hatua hiyo ya CHAN, na kocha wake wa wakati huo, Hemed Suleiman, aliitwa "Morocco" na kila mpenzi wa mpira, kwa hiyo utani ulikuwa mwingi. Binti aliomba kuangalia.

"Kesho hakuna shule, mama."

"Angalia. Ukimaliza unalala."

Mama alirudi kwenye ndoo mbili siku ile. Kabla ya mpira biashara ilikwenda vizuri, naye akabakiza nusu kwa ajili ya watakaotoka, kama siku zote. Stars ilifungwa 1-0. Watu elfu nyingi walipita mbele ya meza yake wakiwa kimya, hakuna honi, hakuna mavuvuzela, na hakuna aliyesimama kula. Aliyeshinda huwa na njaa. Aliyeshindwa anataka kufika nyumbani. Mihogo ile waliila wenyewe Jumamosi asubuhi, na chai.

Jumanne iliyofuata palichezwa nusu fainali hapo hapo kwa Mkapa, Madagascar na Sudan. Mama alipika ndoo moja.

Kodi ililipwa, miezi minne kati ya sita. Binti alifanya mtihani wake Septemba na kutoka akisema swali la sehemu lilikuwa rahisi, ingawa watoto husema hivyo kwa kila swali walilolijibu. Uani bado pana alama za matairi, na gololi zimerudi.

Mwaka 2027 nchi hizi hizi tatu zitaandaa AFCON, mashindano makubwa kuliko hayo, yenye wachezaji wanaotoka Ulaya na wageni wengi zaidi. Mambo yakienda sawa, binti atakuwa kidato cha pili, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Mdogo wake atakuwa la nne. Mzazi anayeishi karibu na uwanja wowote utakaotumika anaweza kufungua kalenda leo na kujua watoto wake watakuwa madarasa gani. Tarehe za mechi zitakuja zenyewe. La kuamua mapema ni nani atalala wapi, nani atamenya mihogo, na nani ndani ya nyumba atawaambia ndugu.

Shemeji mkubwa wa Morogoro ameshapiga simu.

"Shemeji, AFCON tunakuja. Safari hii na mke wangu."

"Karibuni sana, shemeji. Mnajua hisabati?"

Alicheka sana kwenye simu. Mama alikuwa anasubiri jibu.