Gati Lililofukiwa

Miaka michache iliyopita, baada ya kongamano la kitaaluma mjini Rio de Janeiro, nilijiunga na msafara wa watalii 17 uliokuwa ukielekea Salvador kwa barabara, safari inayozidi kilomita 1,600. Tulilala katika mahema na tulipika kwa zamu. Wenzangu wengi walitoka Ulaya. Mwafrika nilikuwa peke yangu. Jambo hilo sikulitilia maanani hadi asubuhi ya kwanza.

Asubuhi hiyo kiongozi wetu, kijana wa Kibrazili mweusi kunishinda, alitupeleka Valongo. Ndugu msomaji, ukifika pale usitarajie ngome wala mnara. Ni shimo pana kando ya barabara, lenye sakafu ya mawe. Inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliotiwa utumwani walishushwa hapo. Mwaka 1843 gati hilo lilifunikwa kwa mawe mazuri zaidi ili kumpokea Teresa Cristina, bibi harusi wa Kaisari Pedro II. Mwaka 1911 likafukiwa tena, mji ukijengwa upya. Lilifukuliwa mwaka 2011, Rio ikijiandaa kwa Olimpiki, na mwaka 2017 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia.

Kiongozi alieleza kwamba watu hao hawakutoka Angola na Kongo pekee. Wengine walitoka Msumbiji, Wamakua wakiwemo. Nilishtuka. Wamakua ni ndugu zetu wa kusini. Wanaishi pande zote mbili za Mto Ruvuma. Akanigeukia mbele ya wote: "Kaka, na kwenu utumwa ulikwisha lini?"

Nilijibu kama nilivyozoea kujibu darasani. Nikawataja Waarabu, nikawataja Wareno, nikalitaja soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873. Akanisubiri nimalize, kisha akarudia kwa upole: "Lakini ulikwisha lini?"

Jibu nilikuwa nalo. Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika Amerika yote, nami nilikuwa nimejiandaa kuihukumu kwa kuchelewa huko. Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, miaka 34 baadaye. Niliutaja mwaka huo kwa sauti ya chini.

Siku iliyofuata tulifika Ouro Preto. Makanisa ya mji ule yanameremeta dhahabu, na mashimo ilikochimbwa dhahabu hiyo na watumwa ni membamba mno. Niliingia katika shimo mojawapo nikiwa nimeinama, na humo gizani nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama.

Bibi alizaliwa karibu na Kilwa Kivinje, bandari iliyosafirisha maelfu ya watumwa katika karne ya 19. Ukoo wa baba yake aliutaja hadi kizazi cha tano. Ukimwuliza asili ya mama yake, aliinuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata siku ambayo hapakuwa na kilichoinjikwa. Miaka mingi baadaye tulipeleka posa ya binamu yangu, ikarudishwa. Wazee wa upande wa pili walisema tu, "Asili ya bibi yao haijulikani." Sote tulielewa. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilikuwa nimeketi pale mkekani. Niliinamisha kichwa, nikanyamaza.

Sisemi kwamba Brazili imepona. Katika mikahawa tuliyopita, waosha vyombo walifanana nami. Waliokaa mezani, mara nyingi, hawakufanana nami. Hata hivyo, tangu mwaka 2003 sheria yao inazitaka shule zifundishe historia ya Afrika na ya Wabrazili wenye asili ya Afrika. Mwaka 2012 ikaja sheria ya kutenga nafasi katika vyuo vikuu vya shirikisho, ikiwazingatia weusi, machotara na wenyeji wa asili. Sheria hizo zilipiganiwa na watu waliokataa kuona haya kwa sababu ya mababu zao.

Sisi tunawafundisha wanafunzi utumwa kama dhambi ya wageni, kisha jioni tunakwenda kwenye kikao cha posa na kuulizana nani ni mjukuu wa mtumwa. Aibu ya muuzaji tumemtwika aliyeuzwa. Mwalimu anayelikwepa swali hilo darasani, na ofisa anayeandaa mtaala bila kuligusa, wote wanaendelea kulifukia gati.

Niliporudi nilikwenda kwa mama, nikamwuliza jina la bibi yake. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akalitaja. Ni jina la Kiyao. Hajaniruhusu kuliandika hapa, nami ninamtii. Lakini wanangu wanalijua, na siku ya posa zao nitalitaja mimi mwenyewe, kabla sijaulizwa.